Makonde ya zamani na ya sasa: tuwaulize waliopigana zama mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie ubishi usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa ndondi, yaani ni bondia yupi wa uzito wa juu aliyekuwa na konde zito kuliko wote, na ni yupi aliyeweza kuvumilia makonde kuliko wote, tangu siku za Jack Dempsey mpaka hizi za Oleksandr Usyk. Ubishi wenyewe haunikeri, maana mchezo usiobishaniwa umekwisha kufa. Kinachonikeri ni ushahidi unaoletwa. Mmoja hutaja asilimia ya mapambano yaliyomalizwa kwa KO, yaani mpinzani kushindwa kuendelea kabla ya kengele ya mwisho, mwenzake humjibu kwa kutaja kilo na urefu wa mabondia wa siku hizi, na wote wawili huondoka wakiamini wameshinda. Rai yangu ni kwamba takwimu hizo zikiachwa peke yake hazilinganishi zama na zama, na kwamba ushahidi bora tulio nao ni wa mabondia wachache waliodumu ulingoni muda mrefu kiasi cha kupigana na watu wa vizazi viwili.

Nianze na hiyo asilimia. Earnie Shavers alishinda mapambano 74, na 68 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO. Deontay Wilder, alipopanda ulingoni Februari 2020 kukutana na Tyson Fury kwa mara ya pili, alikuwa ameshinda mara 42, ambapo 41 zilikuwa kwa KO, na hata Bermane Stiverne, mtu pekee ambaye hadi hapo alikuwa ameshindwa naye kwa alama, alikuja kulala katika raundi ya kwanza waliporudiana mwaka 2017. Joe Louis ana KO 52 katika ushindi wa mapambano 66. Kwa hesabu tupu, Louis ni dhaifu kuliko hao wawili, jambo ambalo hatalikubali yeyote aliyewahi kutazama filamu za mapambano yake. Tofauti iko kwa waliopigwa. Kati ya 1935 na 1938 Louis aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho Primo Carnera, Max Baer, Jack Sharkey, James Braddock na Max Schmeling, watu watano ambao kila mmoja wao aliwahi kuwa bingwa wa dunia au alikuwa bingwa siku hiyo hiyo. Schmeling alidumu sekunde 124. Wilder hana orodha ya namna hiyo. Shavers ana vipande vyake vizuri, kwani Jimmy Ellis na Ken Norton, waliowahi kuvaa mkanda wa ubingwa, wote aliwamaliza katika raundi ya kwanza. Lakini alipopewa nafasi ya kuwania ubingwa, Muhammad Ali alimaliza naye raundi 15 mwaka 1977, na Larry Holmes, aliyeangushwa vibaya katika raundi ya saba mwaka 1979, aliinuka akamsimamisha, yaani akampiga mpaka mwamuzi akalikatiza pambano, katika raundi ya 11.

Ajabu ni kwamba Ali na Holmes, walioshinda, ndio waliokuwa wa kwanza kumtaja Shavers kuwa mpigaji mzito kuliko wote waliokutana nao. Ushahidi wa Holmes una thamani ya pekee, kwa sababu mwaka 1988 alipigana pia na Mike Tyson, na Tyson ndiye mtu pekee aliyewahi kumsimamisha katika mapambano 75. Yaani aliyemmaliza si yule ambaye konde lake lilikuwa zito zaidi. Shavers alipiga kwa uzito wa kutisha lakini pigo moja moja, na mpinzani aliliona likitoka begani. Tyson alipiga matatu kabla ya mtu kuhesabu la kwanza. Ni kweli kwamba Holmes alikuwa na miaka 38 siku hiyo na hakuwa amepigana kwa karibu miaka miwili, na nitarudi kwenye suala hilo la umri. Lakini hata hivyo somo linabaki kwamba uzito wa konde ni kitu kimoja, na uwezo wa kulifikisha mahali pake ni kingine, na rekodi za KO huvichanganya vyote viwili katika namba moja.

Wapo wanaosema kwamba sayansi ingeumaliza ubishi huu kwa kulipima konde lenyewe. Kipimo hicho kimewahi kufanywa. Mwaka 1985 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti ambamo Frank Bruno wa Uingereza alipiga kifaa cha kupimia nguvu: ngumi yake ilikwenda kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde na kugonga kwa nguvu ya nyutoni 4,096, pigo ambalo watafiti walilifananisha na la nyundo ya mbao yenye kilo 6, iliyofunikwa kitu laini, ikienda maili 20 kwa saa. Miaka kumi baadaye, Septemba 1995, Bruno huyo huyo alimpiga Oliver McCall kwa raundi 12 jijini London, akamnyang'anya kwa alama mkanda wa WBC, mojawapo ya vyama vinavyotawaza mabingwa wa dunia, na McCall hakuanguka hata mara moja. Kifaa hakina shingo, hakikwepi, wala hakijiandai kupokea. Kinachomzimisha mtu kwa kawaida ni kichwa kuzungushwa ghafla hadi ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na kidevu ndicho mpini wa kukizungushia. Ndiyo maana konde la pembeni ambalo mtu hakuliona likija humlaza chini mtu ambaye dakika moja kabla alipokea mengine mazito zaidi kwenye paji la uso bila kuyumba. Shingo nene husaidia, kuona mapema husaidia zaidi, na sehemu iliyobaki ni maumbile ambayo mazoezi hayaongezi.

Kisha kuna masharti ya kazi, ambayo wabishi wengi huyaruka. John L. Sullivan alipigana na Jake Kilrain mwaka 1889 kwa mikono mitupu raundi 75, na wapo wanaoitaja idadi hiyo kana kwamba zilikuwa raundi za dakika tatu. Kwa sheria za wakati ule raundi iliisha mtu alipokwenda chini, awe amepigwa au amebwagwa kwa mweleka, na baada ya hapo wakapumzika nusu dakika. Isitoshe, mkono mtupu huvunjika ukigonga fuvu, kwa hiyo mabondia wale walikipiga kichwa kwa tahadhari. Glavu, ambazo wengi hudhani zililetwa kuulinda uso, kwanza humlinda mpigaji na kumpa ruhusa ya kulenga kichwa bila hofu. Kwa sababu hiyo siwezi kumweka Sullivan katika mizani moja na yeyote aliyekuja baadaye, si kwa nguvu, si kwa uvumilivu.

Waamuzi nao wamebadilika. Pale Toledo, Ohio, Julai 1919, Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, na sheria zilimruhusu asimame juu yake akingoja magoti yaondoke sakafuni ili ampige tena. Mwaka 1959 Ingemar Johansson alimwangusha Floyd Patterson mara saba katika raundi ya tatu kabla ya pambano kusimamishwa. Mwaka 1973 kule Kingston, Jamaica, George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Mwamuzi wa leo angemaliza shughuli mapema zaidi katika mapambano yote hayo, na anastahili kushukuriwa kwa hilo. Lakini matokeo yake katika kumbukumbu ni kwamba wa zamani wanaonekana wagumu zaidi kwa kuwa waliachwa wainuke mara nyingi, ilhali wa leo wanaonekana wepesi wa kumalizika kwa kuwa wanasimamishwa wakiwa bado wamesimama kwa miguu yao.

Idadi ya raundi ina uzito hata kuliko hilo. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alipofariki kutokana na majeraha ya pambano la Novemba 1982, ndipo WBC ikapunguza kuwa 12 na vyama vingine vikafuata kabla ya muongo ule kwisha. Sasa chukua mapambano mawili yanayotajwa kila mara kuwa ushahidi wa nguvu. Rocky Marciano alimwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13, Septemba 1952, akiwa nyuma kwa alama za waamuzi wote watatu. Joe Louis alimwangusha Billy Conn katika raundi ya 13, Juni 1941, huku waamuzi wawili wakiwa wamempa Conn uongozi na wa tatu akiwaona wako sawa. Kwa sheria za leo, Conn, ambaye hakufika hata kilo 80, angetangazwa bingwa wa uzito wa juu, na rekodi ya Marciano ya mapambano 49 bila kushindwa isingekuwapo. Simaanishi kuwapunguzia heshima. Namaanisha kwamba konde linalobaki na uzito wake baada ya dakika 36 za kazi ni aina ya nguvu ambayo bondia wa leo hapewi nafasi ya kuionyesha, na hatujui ni wangapi wanayo.

Kuhusu kilo, nakubali kwamba suala hili ni zito, ila si kwa namna linavyosemwa. Marciano na Dempsey walipigana wakiwa na takriban kilo 85, na leo wangeingia katika uzito wa cruiser, daraja lililo chini ya uzito wa juu, ambao mwisho wake ni kilo 90.7. Ukweli huu hutolewa kama hukumu ya mwisho dhidi yao. Mbona basi Louis, akiwa na kilo 89, alimsimamisha Carnera aliyekuwa na kilo 118? Mbona Wilder, mtu mwembamba wa kilo 96 usiku wa pambano lao la kwanza, Desemba 2018, alimwangusha mara mbili Fury mwenye kilo 116? Kilo za mpigaji hazimwamulii kila kitu, kwa sababu pigo huanzia mguuni, hupita kiunoni, na aliyepangilia mwili wake vizuri hupata zaidi katika kilo 85 kuliko mwingine katika 115. Pale ambapo kilo zinahukumu kwelikweli ni katika kupokea. Mtu mkubwa akiegemea na kukumbatia raundi baada ya raundi humchosha mdogo, miguu ikichoka kidevu nacho hulegea, na hapo ndipo mabingwa wadogo wa zamani wangeteseka.

Hapa ndipo nawaita mashahidi wangu, wale waliovuka kutoka zama moja hadi nyingine. Lakini shahidi wa aina hii lazima asikilizwe kwa uangalifu, kwa sababu anapofika zama za pili huwa amezeeka. Akishindwa, ushindi ule hautuambii mengi. Akifanya vizuri, unatuambia mengi sana. Louis aliposimamishwa na Marciano mwaka 1951 alikuwa na miaka 37 na mwili uliokwisha kutumika. Anayelitumia pambano hilo kuthibitisha kwamba Marciano alikuwa mzito kuliko Louis anajidanganya. Archie Moore alipigana na Marciano mwaka 1955 na Ali mwaka 1962, na alipoteza yote mawili kwa KO. Kwa Ali hatuna la kujifunza, kwani Moore alikuwa mzee tayari. Kwa Marciano tunalo moja, kwamba aliangushwa katika raundi ya pili na mtu aliyefanya kazi yake kubwa katika uzito mdogo kuliko huo, akaamka na kumaliza kazi katika raundi ya tisa.

Holmes ni shahidi bora zaidi. Februari 1992, akiwa na miaka 42, alimfundisha ndondi kwa raundi 12 Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1988 ambaye hakuwa amewahi kushindwa katika ndondi za kulipwa. Mercer huyo huyo mwaka 1996 alimpeleka Lennox Lewis raundi kumi na kupoteza kwa tofauti ndogo, na Lewis ndiye aliyekuja kummaliza Tyson mwaka 2002 na kumshinda Vitali Klitschko kwa majeraha ya uso mwaka 2003. Mwaka 1995, akiwa na miaka 45, Holmes alimaliza raundi 12 na McCall, mtu ambaye karibu miezi saba kabla alikuwa amemlaza Lewis kwa konde moja la kulia katika raundi ya pili. Anayesema kwamba mabondia wa miaka ya 1970 wasingeyahimili makonde ya wale wakubwa wa miaka ya 1990 ana kazi ya kunieleza hayo.

Na kisha yupo Foreman, ambaye naona angetosha hata peke yake. Alimsimamisha George Chuvalo mwaka 1970, akawavunja Frazier na Norton, akashindwa na Ali kule Kinshasa mwaka 1974, akaacha ndondi mwaka 1977, akarudi baada ya miaka kumi. Aliporudi alikuwa mnene, mzito wa miguu, na watu walimcheka. Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alimaliza raundi 12 na Evander Holyfield, aliyekuwa bingwa asiyeshindwa. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alipigwa kwa raundi tisa na Michael Moorer, kijana wa miaka 26, akawa nyuma kwa waamuzi wote watatu, na katika raundi ya kumi akamlaza kwa mkono wa kulia uliosafiri umbali mfupi sana. Najua pingamizi litakaloletwa: Moorer hakuwa na kidevu cha chuma, maana Bert Cooper aliwahi kumwangusha mwaka 1992. Sawa. Lakini tazama jinsi vitu viwili tunavyovijadili vilivyodumu ndani ya mtu mmoja huku vingine vyote vikimtoka. Kasi ilikwenda, miguu ilikwenda, pumzi ilipungua, ila uzito wa konde ulibaki, na katika awamu ile yote ya pili hakuna aliyemsimamisha. Waliomshinda walimshinda kwa alama. Katika maisha yake yote ya ulingoni, mapambano 81, ni Ali tu aliyemmaliza.

Upande wa uvumilivu, naomba tuache kutumia neno moja kwa mambo tofauti. Kuna kutoanguka kabisa. Chuvalo alipigana mara 93, akakutana na Ali mara mbili, na Patterson, na Frazier, na Foreman, na hakuwahi kwenda chini. Frazier na Foreman walisimamishwa na mwamuzi wasiendelee kumpiga akiwa bado wima. Vitali Klitschko naye hakuwahi kuangushwa, na alipoteza mara mbili tu, moja kwa jeraha la bega na nyingine kwa michaniko ya uso. Kuna kuanguka na kuinuka, ambako Holmes dhidi ya Shavers na Fury katika raundi ya 12 dhidi ya Wilder ni mifano inayotosha. Na kuna kuendelea huku mwili umeharibika, kama Ali alivyofanya Machi 1973 alipopigana na Norton akiwa amevunjwa taya. Mtu aweza kuwa na moja kati ya hayo bila mengine. Wladimir Klitschko alisimamishwa mara tatu kabla ya 2005 na akaitwa mtu wa kioo, lakini mwaka 2017, akiwa na miaka 41, alianguka na kuinuka mbele ya Anthony Joshua, akamwangusha Joshua naye katika raundi ya sita, na hakukubali mpaka ya 11.

Nimlaumu kidogo pia yule shabiki anayeuhesabu uvumilivu wa Ali kama hazina isiyo na gharama. Makonde ya Foreman, ya Frazier kule Manila mwaka 1975, ya Shavers, ya Holmes mwaka 1980, yote aliyapokea kichwani na mwilini, na mwaka 1984 madaktari walimtambua kuwa na maradhi ya Parkinson. Kona ya Frazier kule Manila, yaani wasaidizi wake chini ya kocha Eddie Futch, iliona mtu wao haoni tena vizuri na ikakataa kumwachia raundi ya 15. Huwa nasoma Futch akilaumiwa kwa uamuzi ule. Mimi naona alikuwa mtu pekee pale aliyejua tofauti kati ya ugumu na ukaidi.

Ukinitaka nitaje majina, Mhariri, kwa konde moja pekee namweka Shavers mbele, na Wilder karibu naye sana. Kwa konde lililowafikia walio bora wa zama zake, Louis na Foreman, na nikibanwa nitamchagua Foreman kwa kuwa ndiye aliyelithibitisha katika zama mbili. Kwa kutoanguka, Chuvalo. Kwa kuinuka, Holmes. Kuhusu Marciano, ambaye najua barua nyingi zitamtetea, konde lake naliamini dhidi ya mtu yeyote wa kizazi chochote endapo litafika. Usyk, aliyepanda kutoka uzito wa cruiser na kumshinda Fury mara mbili mwaka 2024, ameonyesha kwamba mdogo aweza kuwashinda wakubwa, ila Usyk ana urefu wa sentimita 191 na hupigana akiwa na takriban kilo 100. Marciano alikuwa na sentimita zisizofika 180 na mikono mifupi kuliko ya bingwa yeyote wa uzito wa juu niliyemtaja hapa. Kumfikia Lewis au Fury kungemlazimu apite katikati ya makonde mengi kwa raundi 12 tu, bila zile tatu za nyongeza ambazo ndizo zilizomfanya bingwa, na kwa hesabu hiyo pambano hilo siwezi kumpa.

Wako mtiifu,
Msomaji na mpenzi wa masumbwi